Hazina ya Nyumba ya Abu Sakhr

Jumapili, 7 Mei

Abu Yazan amestaafu. Hatimaye! Miaka yote niliyokuwa naibu, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa fedha wa kampuni yetu ya jamidi, maziwa ya kondoo yaliyokaushwa. Leo asubuhi kachukua kikombe chake na mto wake wa kukalia, akaenda zake Akaba kwa mwanawe. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Nililia kidogo. Kisha nikarudi ofisini nikakijaribu kiti chake.

Kinanitosha.

Washindani ni wachache. Bosi wetu, Abu Sakhr, ana sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: awe ndugu, shemeji au mkwe, hagusi fedha za kampuni. Aliiweka tangu mume wa dada yake Nawfa alipotumwa kwenda kuwalipa wafugaji wa kondoo, akaja kuonekana Kupro. Nawfa alipewa talaka kwa simu. Sheria nzuri sana. Kila mwaka naiunga mkono kwa sauti kubwa, maana inawafagia wapwa wote wa bosi. Tunabaki mimi na Rahaf.

Rahaf! Mhasibu wa miaka ishirini na saba. Hapa Karak yuko mwaka wa pili tu. Alipozaliwa mimi nilikuwa tayari navaa tai. Leo alikuja kunipa pole kwa kuondokewa na Abu Yazan, akaniita ami. Ami Muflih! Nina arobaini na tisa, mjane, meno yote yangu. Nataka heshima ya umri. Umri wenyewe sikuuomba.

Jumatatu, 8 Mei

Mambo si mazuri. Abu Sakhr aliniita, akanimiminia kahawa, akaniuliza bila kuzunguka: Rahaf akiwa mkuu wa fedha, utoto wake utatuumiza?

Nikajibu kama mtu asiye na haja na lolote. Nikasema msichana ni mzuri, hodari, ana adabu, lakini fedha zinataka mtu aliyewahi kuuona mwaka mbaya. Nani alikuwepo mwaka ule kondoo walipokufa kwa kiu? Nani alikuwepo wateja wa Ghuba walipourudisha mzigo mzima? Mimi!

Akaniuliza mwaka ule wa kondoo nilifanya nini.

Nikasema nilikuwepo.

Akanijazia kikombe. Kisha akasema yeye kampuni hii aliianza akiwa na miaka ishirini na tatu, na hakuna aliyemdai cheti cha uzoefu. Nikanywea. Lakini akaendelea, akasema katika umri huo alikuwa mpumbavu wa kupindukia, na angekuwa na mtu mzima pembeni asingeuza mashine ya kwanza kwa hasira. Kwa hiyo hajui. Anazipima pande zote mbili. Ataamua wiki hii.

Mpango wa kwanza umeshazaliwa. Jumatano kuna kikao Amman na benki, kuomba muda zaidi wa mkopo. Mkuu wa mikopo pale ni Ustadh Jiryis, ambaye vijana anawatafuna kama zeituni na kutema kokwa. Nimepata homa. Aende Rahaf peke yake. Atarudi analia.

Jumatano, 10 Mei

Hakurudi analia. Alirudi na muda umeongezwa, riba imepunguzwa, na sanduku la vitamutamu vya baklava kutoka kwa Jiryis mwenyewe.

Bosi akamtaka aeleze mbele yetu sote. Rahaf akasema kipengele cha saba cha mkataba hakukielewa, akamwomba Ustadh Jiryis amfafanulie. Jiryis akafafanua. Hakuelewa. Akafafanua tena. Mara ya tatu Jiryis mwenyewe akawa haelewi, akamwita mwanasheria wa benki, na mwanasheria akasema kipengele hicho kiliingia humo kwa bahati mbaya na ndicho kilichokuwa kinatuumiza. Kikafutwa.

Nakijua kipengele cha saba! Mimi na Abu Yazan tumekipitisha miaka nenda miaka rudi. Hata sisi hatukukielewa, lakini sisi ni watu wazima, tulikuwa tunatikisa kichwa.

Abu Sakhr alicheka mpaka akapaliwa. Akaniuliza mbona mimi sikuwahi kuuliza. Nikasema nilikuwa namngoja Abu Yazan aulize. Vicheko tena. Na Rahaf akanitetea! Akasema wamwache Ami Muflih, ametoka kuugua. Sasa ndiyo namchukia zaidi.

Mpango wa pili: Nawfa. Dada wa bosi ndiye msimamizi wa huko juu ya paa la kiwanda, ambako wanawake huviringisha maziwa ya kondoo yaliyoganda na kuyaanika juani mpaka yawe mabonge magumu ya jamidi. Abu Sakhr hamwogopi mtu duniani ila Nawfa. Nikimpata Nawfa nimempata bosi. Nikanunua kunafa ya moto, kile kitamutamu cha jibini na shira, nikapanda nayo. Nikamweleza hatari ya kuwakabidhi vijana fedha. Akaniambia nisogee, nimemzibia jua.

Lakini kunafa alikula.

Alhamisi, 11 Mei

Kunafa asubuhi. Kunafa mchana. Nawfa akaniuliza siku hizi mbona nachana nywele. Nikasema mtu mwenye nia ya kupanda lazima ajiweke sawa. Wanawake wa paani wakaanza kuimba, mmoja akapiga kigelegele. Wana furaha sana msimu huu.

Nawfa akaweka bonge chini, akanitaka niseme kweli ninataka nini. Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia namtaka kaka yake anipe kile ninachostahili, kile nilichokitazama kimya kimya miaka yote huku wengine wakikichezea. Akainamisha uso, akatengeneza mtandio wake. Nawfa! Mwanamke ambaye aliwahi kunirushia bonge la jamidi likanipasua tai! Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba maneno kama hayo hayasemwi paani mbele za watu. Yana wazee wake na mlango wake.

Wazo likanipiga! Jaha!

Kwetu jambo zito haliendewi na mtu mmoja. Iwe posa, iwe damu, iwe ugomvi wa shamba, unakusanya wazee wanakwenda nyumbani kwa mwenye uamuzi. Kahawa inamiminwa. Mkubwa wao anakiweka kikombe chini, hanywi mpaka apewe alichokuja kuomba. Kuwanyima ni aibu ya ukoo. Nani aliwahi kuombea cheo kwa jaha? Hakuna! Ndiyo maana wengine ni wengine na mimi ni mimi.

Nikampigia Ami Abu Hamdan, mdogo wa marehemu baba, ambaye kwa kuongoza jaha hana mpinzani Karak nzima. Amepita themanini na sikio zima ni moja, lakini sauti ipo. Nikampigia na bosi, nikamwambia kesho baada ya alasiri wazee wetu watamfikia kwa jambo la nyumbani kwake, na nadhani analijua. Akasema analijua, kiwanda kizima kinalijua, karibuni sana. Sauti yake ilikuwa na machozi. Sikujua kama ananithamini kiasi hicho.

Ijumaa, 12 Mei

Naandika hata viatu sijavua.

Ndani ya gari nilimfunda ami vizuri. Nikamwambia sebuleni kwa watu hatutaji mshahara wala cheo, ni ushamba. Asema kwa fumbo la heshima: tumekuja kuomba hazina ya nyumba hii. Akauliza tena, nikamrudishia kwenye sikio zima. Hazina. Akasema maneno matamu, hayo ayaachie yeye.

Sebule ikajaa wazee na majoho. Kahawa ikamiminwa. Ami akakiweka kikombe chini. Akasema: “Abu Sakhr, tumekuja kwako kuomba hazina ya nyumba yako, kwa ajili ya mwanetu Muflih, mtu mzima, mzoefu, asiyekimbilia Kupro.” Hilo la Kupro alilitia mwenyewe. Wazee wakacheka, hata bosi.

Abu Sakhr akasimama. Akasema hazina yake aliwahi kuitoa mara moja kwa mtu asiyefaa, ikarudi imejeruhiwa, na tangu hapo hajamwamini mtu. Nikatikisa kichwa kwa uchungu. Kweli kabisa, yule shemeji alituachia kasha tupu. Akasema leo anaitoa kwa mtu mzima anayejua thamani yake. “Kunyweni kahawa yenu. Mmepata!”

Ami akanywa kwa mkupuo mmoja. Mimi nikalia. Nikambusu bosi begani. Ikasomwa Fatiha. Nikaona wamezidisha kidogo, lakini fedha nazo zinataka baraka. Kisha vigelegele vikalipuka jikoni. Nikajiuliza wanawake wanamshangiliaje mkuu wa fedha namna hii.

Akaingia Nawfa. Gauni la tarizi nyekundu, wanja, sinia ya sharubati.

Hazina. HAZINA!

Nikamgeukia ami. Akanikonyeza.

Nifanye nini? Fatiha imeshasomwa, kahawa imeshanyweka. Nikisema sasa kwamba nilikuja kuomba kiti, nitakuwa nimemwaibisha mwanamke mbele ya koo mbili, na Karak nitaondoka kwa miguu. Nikachukua sharubati. Kusema kweli alipendeza. Akaniinamia na sinia, akaninong'oneza kwamba yule wa kwanza alimwacha aende, lakini mimi nikikanyaga tu uwanja wa ndege nitajuta.

Nilijisikia vizuri, halafu nikaogopa, halafu nikajisikia vizuri tena. Sijui ni sharubati.

Jumapili, 14 Mei

Usiku niliyapanga upya na nikaona hakuna kilichoharibika. Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Nani atamtanguliza msichana wa watu mbele ya shemeji yake?

Bosi aliniita mapema. Akanikumbatia. Akaniambia atanieleza jambo nicheke. Alhamisi asubuhi alikuwa ameshaamua: mimi mkuu wa fedha, Rahaf naibu wangu kwa miaka michache, ajifunze kwangu subira, nami nijifunze kwake kuuliza. Alikuwa anitangaze leo. Basi simu yangu ya jaha ikaingia, akajua moyo wangu uko wapi, na sheria ni sheria. Shemeji hagusi fedha.

Akacheka. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikahitaji kukaa.

Alhamisi asubuhi! Ningelala tu nyumbani na homa yangu ya uongo!

Nikajikaza nikamuuliza, na ujana wa Rahaf je? Akasema ameutafakari sana. Rahaf ana dosari moja tu, nayo inapungua kila anapoamka. Akikosea, atakosea kwa kutojua, na asiyejua akiuliza ataambiwa. Akasema kilichomtia hasara maishani ni wale waliojua. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kwa sheria hiyo hiyo hata unaibu sina tena. Nimehamishiwa paani. Msimamizi wangu ni Nawfa.

Rahaf akaja kunipa hongera ya uchumba. Akauliza kama ataruhusiwa kunipigia simu huko juu akikwama kwenye mambo ya zamani. Alijaribu kutabasamu, lakini akaniuliza mara mbili kama namba yangu haijabadilika. Anakiogopa kile kiti. Mimi sijawahi kukiogopa hata siku moja. Nikamwambia apige wakati wowote, mwanangu. Mwanangu! Nilimwita mwanangu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jumanne, 16 Mei

Siku ya pili paani. Pua imebabuka. Nawfa haridhiki na mabonge yangu, anasema si duara, yana vichwa. Kanikemea mbele ya wanawake wote, kisha kanifunga kitambaa kichwani nisiungue. Alikifunga taratibu. Nilikaa nacho mpaka jioni.

Lakini akili yangu haianikwi. Nimeipitia sheria upya, neno kwa neno. Ndugu, shemeji au mkwe. Mkwe! Sakhr, mwana wa bosi, ana miaka thelathini, anang'oa watu meno huko Irbid, hana mke. Rahaf naye hana mume. Wakioana, Rahaf ni mkwe wa nyumba, na fedha hazigusi tena. Kiti kitupu! Mimi mwenyewe bado nitakuwa shemeji, hilo kweli. Nitalitafutia dawa baadaye.

Jioni nimekwenda kwa Ami Abu Hamdan akusanye wazee Ijumaa hii, twende Zarka kwa babake Rahaf. Ami akauliza kama Sakhr analijua jambo hili. Nikamwambia ataarifiwa. Ami akasita. Akasema huyu msichana si ndiye yule niliyemlalamikia kwamba ni mtoto? Hajawahi kuongoza hata jiko, ataubebaje ukoo mzima wa Abu Sakhr?

Nilimshangaa. Nikamwambia aachane na fikra za kizamani. Umri si kitu. Na uzoefu, ami, mtu huupatia humo humo kazini.