Kaburi la Zumbe Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Tunahamishwa! Gregori kaja asubuhi, kifua mbele. Tangu awe balozi wa nyumba kumi haji kusalimia, anakuja kutangaza. Sote tunaokaa mteremko huu wa njia ya Lutindi tushuke kijiji kipya cha ujamaa, kule mbugani, kabla mwezi haujaisha. Na michungwa yangu? Marehemu baba aliipanda kwa mikono yake. Gregori akasema michungwa haina miguu, itabaki. Akacheka. Mnyamwezi huyu, mtoto wa manamba wa mkonge, ni mtani wetu sisi Wazigua, kwa hiyo kila tusi lake ni halali na mimi natakiwa nicheke. Sikucheka.

Mchana nikapata habari sokoni Manundu. Afisa Utamaduni anakuja kutoka Tanga kutafuta mahali pa historia, ili wageni wanaopanda Lutindi kutazama misheni ya Wajerumani wasimame na kwetu. Tena mahali pa historia hapaguswi! Nimerudi mbio. Tatizo ni moja tu: kwangu hakuna historia.

Jumanne, 6 Agosti

Sasa ipo! Nimejenga kaburi nyuma ya jiko. Mawe nimeyatoa kwenye choo kilichoanguka cha meneja wa zamani wa shamba la mkonge. Mawe mazuri, ya kuchongwa. Juu nimeweka kitambaa cheupe na chungu kilichovunjika. Humo amelala babu yangu, Zumbe Mhina, mtawala aliyewatimua Wajerumani bila bunduki.

Zamda, mke wangu, akauliza kama ni babu yule yule aliyekuwa akichunga mbuzi wa watu kule Handeni, akazikwa huko huko. Nikamwambia historia haimhusu. Akasema badala ya kubeba mawe niende kwa katibu kata nikaombe kwa adabu, jirani yetu Hajira anakwenda kesho. Kuomba! Mjukuu wa zumbe!

Alhamisi, 8 Agosti

Afisa amekuja. Kijana, suti ya Kaunda, kamera shingoni. Kalipiga picha kaburi mbele na nyuma. Kaniamkia shikamoo mzee. Kisha akauliza kama ukoo bado unafanya tambiko hapa. Nikajibu kila mwaka, bila kukosa. Akauliza lini tena. Ulimi wangu huu! Nikasema Jumamosi hii. Akasema atakuja na katibu kata. Nina beberu mmoja tu duniani, na sasa sina hata huyo.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku mbaya. Beberu kachinjwa, unga umenyunyizwa, naanza kuwaita mababu kwa Kizigua, afisa anaandika. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kizigua halisahau: penye kaburi la mzee, mtani haalikwi, anakuja. Gregori katokea amejipaka majivu, amevaa kanga ya mkewe Hilaria, akalala chali juu ya kaburi. Haamki mpaka akombolewe. Akalia kwa sauti kwamba zumbe huyu ananuka choo. Watu hoi kwa kicheko. Mimi nikacheka pia, ndiyo mila, meno nje na moyo unawaka. Akaondoka na paja la beberu.

Afisa alifurahi kuliko wote. Makabila mawili, kaburi moja! Akamwita Gregori, akamuuliza amelijuaje kaburi hili. Nikafumba macho. Lakini Gregori akaapa kwamba babu yake ndiye aliyelichimba, kwa kuwa mzee wa Kizigua akifa mtani ndiye anayechimba, ndiye anayezika, na kaburi hubaki mikononi mwake. Uongo mtupu, na umeniokoa! Nikasema mbele ya watu wote kwamba ndivyo, kweli kabisa. Nikamwongezea na ini.

Jumatatu, 12 Agosti

Kaburi limekubaliwa! Nilirukaruka ofisini. Katibu kata akangoja nimalize, akaendelea. Mahali patatunzwa. Nyumba yangu itavunjwa, maana ni ya udongo, haina historia, na moshi wa jiko unamchafua zumbe. Michungwa itabaki, iwe kivuli cha wageni. Mlinzi ni Gregori, kwa ushahidi wangu mwenyewe. Yeye hahami.

Nikakiri palepale. Nikasema hakuna zumbe, mawe ni ya choo. Katibu kata akanitazama kwa huruma. Akasema utani wa Gregori wa choo kila mtu ameusikia, lakini mtu anayemkana babu yake kwa ajili ya nyumba hana haya.

Jumanne, 20 Agosti

Lori lilikuja. Zamda aligusa michungwa yote, mmoja mmoja, kisha akapanda bila kunisemesha. Nilitamani anitukane. Hajira alikuwa mlangoni kwake, anatwanga. Aliomba kwa adabu, ameachiwa nyumba.

Gregori alisaidia kupakia kitanda. Injini ilipowaka akaniletea mfuko wa machungwa, akasema ni ya njiani. Machungwa ya baba yangu! Namchukia yule mtu. Niliyala. Yalikuwa matamu, nikalia, na Zamda akageuka akatazama upande mwingine.

Jumapili, 25 Agosti

Mbugani. Jua, vumbi, nyumba zimepangwa mstari mmoja. Mlima wa Lutindi unaonekana kwa mbali. Habari zimefika kwamba wageni wameanza kusimama, na Gregori anawasimulia habari za babu yangu. Wanasema anasimulia vizuri sana.

Leo nilianza kuchimba choo, amri ya kijiji. Jembe likagonga jiwe. Bapa, na katikati limebonyea kama unyayo wa mtu. Unyayo mkubwa! Nimekaa nikaufikiria mpaka jua likapinda. Mtu wa miguu hii lazima alikuwa mkubwa wa nchi. Nimezunguka kijiji kizima nikiuliza kwa hila: hakuna Mnyamwezi hata mmoja. Nimeliosha jiwe, nimelifunika kwa majani.

Jioni Zamda alitoka nje, akasimama na kopo la maji mkononi, akauliza choo kiko wapi. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu tuhame. Nikamwambia kwa sasa aende vichakani, hapa pana historia.