Nimewaambia Nahama

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetangaza barazani tunaposhonea kwamba nahama mji. Sihami, jamani. Nihamie wapi? Mji huu naupenda mpaka honi zake. Ila nimeshona kwenye kona hii miaka nenda rudi na hakuna anayenithamini. Nataka wanibembeleze kidogo tu. Fundi mwenzangu, tunayemwita Makasi, anaitamani kona yangu kwa ajili ya dirisha. Nilitegemea angalau aigize huzuni. Alivua futi shingoni akaanza kupima kona, nami bado naongea.

Jumanne, 4 Machi
Wateja wamekuja mbio. Nikajua sasa ndiyo machozi. Kumbe wamefuata nguo zao. Mwalimu mmoja alikuta kitambaa chake bado kitambaa, na harusi ya dada yake imeshapita. Aliyoniambia siyaandiki.
Mke wangu naye kazisikia habari. Akanishika mikono, akasema amechoka na mji huu siku nyingi, alikuwa anaogopa kuniudhi tu. Keshampigia mama yake. Chumba huko kwao tumeshapangiwa! Nikacheka, akadhani ni furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya: kumtembeza mke wangu mpaka aupende mji. Tumepanda maghorofa, tumekula aiskrimu, tumekaa bustanini kutazama magari yakigombea njia. Alifurahi sana. Nikaona nimeshinda. Tunarudi, akanishukuru kwa kumpa nafasi ya kuaga.
Taa za barabarani zikawaka. Naupenda mji huu, na ninauacha kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Lakini Makasi angejua, angenicheka mpaka kiama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejaribu ugonjwa. Nilimpigia mama mkwe, nikakohoa, nikasema daktari kanikataza safari. Akasema hewa ya kwao itaniponya. Mke wangu, nyuma yangu na godoro kichwani, akauliza daktari gani huyo.
Lori likaja. Tulipopita barazani, Makasi alikuwa ameshakaa dirishani. Alinipungia bila kusimamisha cherehani.

Jumatatu, 10 Machi
Huku kwa mama mkwe kimya. Jogoo akiwika, mtaa mzima unajua ni wa nani. Sikupata usingizi. Nimeuzunguka mji wao mdogo wote kabla chai haijachemka, nikarudi, nikauzunguka tena. Mke wangu anafagia huku anaimba, na sikumbuki lini aliimba mara ya mwisho. Mama mkwe hata hajaniuliza nimeamkaje. Nikaona hawa hawanijui mimi ni nani.
Wakati wa chai nikatangaza kwamba narudi zangu mjini. Mama mkwe akauliza naondoka na basi la asubuhi au la mchana. Mke wangu akasema la asubuhi huwa halijai.
Nimechagua la mchana, ili wapate muda wa kunibembeleza.