Magunia Sabini na Mawili ya Serikali

Wakaaji wa Kamina walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba Ofisi ya Usafi wa Maji imeshinda madini mazito. Tangazo lilisomwa na Shefu Amédée Monga mwenyewe, ndani ya suti, jua la saa saba likimpiga. Sisi wa ofisi tulipiga makofi. Ndiyo kazi tunayoijua vizuri.

Kusema kweli, aliyeshinda ni Mama Germaine. Ofisi yetu ilikuwa imefunga kisima cha mtaa wake miezi mitano, kwa kuwa karibu nacho watu walivunja betri za magari na kuyeyusha plombu, yaani madini ya risasi, ya kutengenezea vizito vya nyavu, na sumu ikashuka majini. Familia arobaini zikawa zinafuata maji mbali, bido, yaani madumu, kichwani. Mama akachukua maganda ya mihogo, yale tunayowatupia mbuzi, akayakausha, akayatwanga, akayajaza kwenye pipa na kupitisha maji humo. Maabara ya Lubumbashi ikajibu kwamba plombu imebaki kwenye maganda, maji ni safi. Shefu alisoma jibu lile na kujiona tayari amepanda cheo.

Pipa likaitwa Kituo cha Majaribio. Maganda yakaingizwa kwenye daftari la mali ya Serikali, kila gunia na namba yake na saini ya Shefu. Kisima kilibaki na kufuli, isipokuwa kwa maji ya majaribio, mpaka mjumbe wa mkoa aje.

Maganda yalipochoka, Mama Germaine alikuja ofisini.

"Shefu, haya maganda tuizike mbali. Ile plombu haikufa. Iko mu maganda."

"Mama, kitu ya Serikali haizikwake hivi hivi," Shefu alijibu kwa upole wa mtu mwenye kiti cha kuzunguka. "Iko na namba. Kwanza kikao, kiisha prosevebali ya kile kikao, kiisha saini ya Kinshasa."

"Na plombu itangoya saini?"

"Itangoya. Sasa ni ya Serikali."

Basi magunia sabini na mawili yakahamia ofisini kwetu. Shefu hakukubali yalale nje, mbuzi wasije wakala mali ya umma. Aliegemea moja, akala mkate juu ya jingine, vumbi likimkaa masharubuni. "Tunaishi na ushindi wetu," alituambia. Tukaitikia "Eyo vidye," ndiyo mkubwa, tukaendelea kukohoa. Mwenzetu Chrispin aliomba dirisha lifunguliwe. Akaambiwa aandike barua. Aliandika, maskini, na nakala mbili.

Mjumbe alifika, Daktari Phébé Lumbu, mwanamke mfupi asiyependa hotuba. Alipima maji ya pipa, akakuta ni safi, na kufuli la kisima likafunguliwa papo hapo. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha akaingia kwetu kutia saini, akasogeza kifaa chake cha kupimia madini kwenye vumbi la meza ya Shefu, akakitazama mara mbili.

"Haya magunia ni ya nani?"

Shefu alidhani medali imefika. Akanyoosha koti.

"Ni yangu, Dokta. Yote sabini na mbili. Saini yangu iko pa kila moja."

Daktari aliandika hivyohivyo. Ofisi ikatangazwa kuwa ghala la taka za sumu, na mwenye saini akawekwa kuwa mlinzi wake, akae nje mlangoni, hadi Kinshasa iruhusu kuzika. Kinshasa haijajibu. Sisi tulipelekwa kupimwa damu. Tulimcheka Shefu mpaka tulipoona karatasi zetu.

Jumamosi alikwenda kisimani na kikombe chake, akapita mbele ya foleni yote, kama wakubwa wanavyopita. Mama Germaine alifunika pipa kwa mikono miwili.

"Rudia kwanza nyuma, Shefu, unawe mikono. Hapa maji iko safi. Ni weye njo uko na plombu."