Shukrani Zilizochemshwa Mapema

Jumatatu, 12 Mei

Kliniki. Nesi Zainab alimpima mtoto, kisha akanitazama mimi. Akauliza nalala masaa mangapi. Nikacheka mpaka nikalia. Akaniambia kila jioni niandike vitu vitatu ninavyoshukuru, akili ipate pa kukaa. Nikauliza kama usingizi unaweza kuandikwa na mtu ambaye hana. Akasema niandike vile niko navyo.

Nimenunua daftari jipya la hizo shukrani. Hili ninaloandika sasa, la siri, linabaki ndani ya ndoo ya unga, mahali mume wangu Muriithi hajawahi kufika.

Leo nimeshukuru: miguu, unga, siku kuisha.

Muriithi amemsimulia mama yake, Cucu, kwa simu. Yeye na mdomo wake! Cucu anakuja kutoka Kalimoni Jumapili kuliona hilo daftari. Akinipata bado nalia ovyo, anaenda na mtoto mpaka nipone. Mtoto ni Wangeci, jina la Cucu, maana kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Kwa hivyo Cucu anasema hachukui mtoto wa mtu. Anajichukua mwenyewe.

Ngai! Miezi saba tu, bado ananyonya. Haendi popote.

Jumanne, 13 Mei

Jino linatoka. Jana usiku hakuna aliyelala mtaa mzima wa Kamenu.

Nimepata wazo. Githeri, mahindi na maharagwe, tunachemsha mara moja, tunakula siku tatu. Mbona shukrani zisichemshwe? Nimeandika zote leo mpaka Jumapili. Alhamisi: maji ya mfereji yamekuja. Ijumaa: jirani yangu Wamboi ametoa blanketi zake kwa kamba yangu ya kuanikia. Jumamosi: Muriithi ameosha vyombo bila kuambiwa. Jumapili: Cucu ametuletea nduma, tumekula zote.

Nimebadilisha kalamu mara mbili. Ijumaa nimeimwagia chai kidogo, ionekane imeishi. Akili!

Alhamisi, 15 Mei

MAJI YAMEKUJA. Wiki mbili huo mfereji ulikuwa unakohoa tu! Nilisimama na ndoo nikitazama daftari. Linaleta vitu? Ama nesi anajua jambo hakuniambia?

Kujaribu tu, nimeongeza kwa Ijumaa: amelala masaa matano bila kuamka.

Ijumaa, 16 Mei

Wangeci alilala dakika kumi na moja.

Blanketi za Wamboi hazijatoka. Zimezaa, ziko sita. Labda daftari linataka kusaidiwa. Nikaenda kwake, nikamshukuru sana kwa kuzitoa. Hakushtuka. Akasema karibu Mama Wangeci, na yeye ananishukuru kwa karai nililomwazima. Nikauliza karai gani. Akanionyesha. Langu! Tayari limejaa soksi.

Huyu mwanamke anachemsha kunishinda.

Jumamosi, 17 Mei

Muriithi alirudi kutoka kiwandani Ruiru. Nikamwekea ukurasa wa leo kando ya sufuria chafu. Akasoma wote. Akasema amefurahi kusikia ameshaosha, akavaa viatu, akaenda kutazama mpira.

Jumapili, 18 Mei

Cucu alifika kutoka kanisani na kikapu kimefunikwa. Akataka daftari kabla ya chai. Akasoma kwa sauti ile ya kusoma matangazo. Akafika leo. Nduma za Cucu, tumekula zote. Akatazama kikapu. Akakifunua polepole.

Ndizi.

Akauliza hizo nduma tulikula saa ngapi, na yeye alikaa wapi. Muriithi akachunguza dari. Mimi nikalia, kile kilio chenyewe nilichokatazwa.

Basi nikasema yote. Kwamba niliandika Jumanne. Kwamba sijalala tangu Oktoba. Kwamba mtoto haendi Kalimoni, hata kama ni yeye. Nilisema kwa heshima, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni.

Cucu akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Akasema haiya, mtu wa kupanga uongo wa wiki nzima hajaisha, amechoka. Akasema kesho twende kwa huyo nesi pamoja, amwambie na yeye afanye nini. Kisha akajifunga Wangeci mgongoni, akamwonyesha Muriithi sufuria kwa kidole kimoja, akanielekeza kitandani kwa kingine.

Nimelala saa saba mchana. Nimeamka saa kumi na mbili. Sufuria zinang'aa. Mtoto ana ndizi mpaka masikioni, anacheka. Nimesimama tu nikiwatazama.

Halafu nikahesabu. Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Masaa matano! Bila kuamka! Yaani liliandikwa, likatimia. Lilichelewa siku mbili tu, na sikutaja ni nani alale.

Kosa lilikuwa langu. Lazima niandike majina.

Cucu ananiita tule. Nimemwambia dakika moja. Kwa daftari la shukrani nimeshafika tarehe tisa Juni: nashukuru Wamboi wa nyumba namba nne, karai limerudi, na sabuni ndani.