Pilipili Hawashi Tena

Nassir tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Leo alifika kwenye kibanda cha kahawa cha Baya, hapa Ukunda, akaanza kabla hajaketi.

"Mmesikia? Daktari amesema hewani, vidonge vya msongo wa mawazo vinaweza kuzima moyo mzima. Huzuni inaondoka, na furaha nayo inaondoka."

Sote tukamgeukia Matano. Huyu ndiye Pilipili, aliyewahi kupindua bao kwa sababu mtu alipiga chafya ikiwa zamu yake. Vidonge hivyo anavimeza tangu Ramadhani, wala hafichi.

"Kumbe," akasema Twahir, mtani wake. "Juzi nimemtukania ukoo mpaka babu wa saba, akanijibu ahsante. Nimekosa kazi, yakhe."

"Mimi nimempa kahawa ya jana," akasema Baya, "akaniomba nyingine."

Matano akatafuna kashata taratibu. "Ijumaa ninamwoza Hanifa. Nitamshika mkono bwana harusi, nimtoe mwanangu wa pekee, na ninaogopa sitahisi kitu."

"Unaogopa?" Redio akamdaka. "Hiyo hofu umeitoa wapi?"

"Hiyo ilibaki kidogo."

"Watu watasema unakabidhi mbuzi," akasema Baya. "Tia kitunguu mfukoni."

"Kitunguu cha nini na mimi nipo?" Twahir akajipiga kifua. "Nitakaa nyuma yake. Kadhi akifungua mdomo tu, ninamtukana Matano sikioni mpaka alie."

"Nyote mnazunguka," akasema Redio. "Aviache leo hivyo vidonge, Ijumaa atalia mpaka kanzu ilowe."

Matano akaweka kikombe chini. "Siviachi kienyeji. Nitamweleza daktari, huenda akavibadilisha. Lakini ninyi mmesahau. Mwaka jana nilikuwa ninalala mpaka alasiri, Hanifa akinilisha uji kwa kijiko. Posa ilipokuja alimwambia mchumba asubiri, kwani akiondoka nani atanilisha. Ijumaa anaolewa kwa sababu sasa ninakula kwa mkono wangu. Nikikosa kulia, na nikose."

Baya alijifanya anapuliza makaa. Twahir naye akaanza kwa kwikwi, kisha akaangua kilio kitupu, kahawa yote ikamwagikia kikoi.

Matano alimtazama kwa utulivu mkubwa, akampa leso, akamwuliza kama anataka namba ya daktari wake.