Kikombe cha Elsie

Jumatatu, 2 Machi 2026

Habari njema! Mwalimu mkuu wetu, Madam Florence, ametangaza kwamba darasa moja litakwenda Kajiado tarehe kumi na mbili, Siku ya Figo Duniani, kuonyesha jinsi watoto wanavyoweza kutunza figo zao. Wakubwa wa elimu wa kaunti watakuwepo. Mimi, Mwalimu Kitheka wa Gredi ya Tano A, nimefundisha hapa Kitengela miaka kumi na mmoja. Kiti cha naibu mwalimu mkuu kiko wazi tangu Januari. Sihitaji kuelezwa mara mbili.

Kikwazo ni kimoja tu: Madam Waceke wa Gredi ya Tano B. Kufikia saa tisa alikuwa ameshachora figo ukutani, kwa rangi. Nami nikachora zangu. Darasa langu likauliza kama hayo ni maharagwe ya kesho.

Jumanne, 3 Machi

Mpango wa maji. Kengele ikilia, watoto wangu wote arobaini na mmoja wanainua chupa na kunywa kwa pamoja. Ilipendeza sana! Kama gwaride!

Saa nne, mikono arobaini na mmoja juu. Hesabu nilivifundisha viti vitupu. Waceke alipita dirishani akauliza, kwa sauti tamu, kama darasa langu limehamia chooni.

Kisha nikamkuta Ndanu, kiranja wangu, akimwagia maua maji yake ya kunywa. Nikamfokea. Akasubiri nimalize.

“Mwalimu, choo cha wasichana hakina komeo. Mtu anasukuma tu mlango. Ndiyo maana hatunywi maji. Tunajizuia mpaka nyumbani.”

Nikamuuliza ni wasichana wangapi wanafanya hivyo. Akasema wote. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu chekechea.

Miaka kumi na mmoja, na sikujua. Nikamsaidia kumwagilia maua.

Alhamisi, 5 Machi

Nimefunga makomeo. Matano, kwa mikono yangu. Nitakuwa mkweli hapa: niliharakisha ili Waceke asije akayafunga kabla yangu.

La tatu nililijaribu kutoka ndani. Likakataa kufunguka. Nimekaa mle dakika ishirini nikigonga mlango kwa heshima. Aliyenitoa ni Waceke, na bisibisi. Hakucheka. Heri angecheka.

Lakini leo wasichana wamekunywa maji. Ndanu alimaliza chupa mbili.

Mchana akaja Sista Nzembi, muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Akawaeleza watoto kwamba kujizuia mkojo kunaleta maambukizi, na maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Akasema pia mtoto asipewe dawa za maumivu ovyo ovyo. Wiki ijayo atawapima mkojo Gredi ya Tano yote, wazazi wameshatia sahihi. Nikamwomba vijiti vya kupimia, vya mazoezi. Akanitazama kwa muda, akanipa vitatu.

Ijumaa, 6 Machi

Nilisema naandaa darasa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuchungulia matokeo mapema, nikapima mkojo wa watoto watatu.

Wa kwanza Ndanu: njano. Karatasi ya maelezo ya vijiti inasema njano ni safi. Wa pili pia njano. Wa tatu Elsie, binti mpole wa dawati la mbele. Kijani! Kijani kama sukuma wiki. Na mkojo wenyewe ulikuwa na povu. Karatasi inasema kijani maana yake protini inavuja kwenye mkojo.

Elsie huyu huja asubuhi macho yamefura. Mimi nilidhani ni usingizi, na wiki iliyopita nilimtuma akanawe uso mara mbili. Leo nimeona soksi zake zimemwachia mifereji miguuni.

Nikajiambia ni jua. Vijiti vimeharibika na jua. Nikakitupa kile kijiti, nikamwambia Elsie yuko sawa kabisa. Akasema asante mwalimu.

Jumatatu, 9 Machi

Gredi ya Tano B wamepimwa leo. Wote safi. Waceke amenieleza mara tatu, mara moja kupitia kwa mpishi.

Sasa nani atalipeleka Kajiado darasa lenye kasoro? Niko na wazo. Kesho nitabeba kikombe changu mwenyewe, nikijaze mkojo wangu, nibandike jina la Elsie. Mimi ni mzima kama ng'ombe. Hakuna atakayeumia.

Jumanne, 10 Machi

Nilibadilisha vikombe kwenye korido. Chake nikakimwaga. Sista akapima, mmoja baada ya mwingine, njano, njano, njano. Nikaanza kutunga hotuba ya Kajiado.

Akafika kikombe cha arobaini. Akasimama. Akachukua kijiti kingine akarudia. Akaniita kando.

“Mwalimu, huyu Elsie ako na sukari nyingi sana. Mtoto wa miaka kumi! Mwite mamake sasa hivi.”

Sukari! Yangu! Kumbe kijiti hupima na sukari.

Mama Elsie anaitwa Gathoni, anauza mboga sokoni. Alifika akikimbia, bado na leso ya kazi kiunoni. Sista alipoanza kumweleza kwa upole, akaketi sakafuni. Hakulia. Alimvuta Elsie mapajani, mtoto mkubwa vile, akamshika tu.

Nilitaka kunyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifika hadi mlangoni.

Kisha nikarudi nikasema: “Sista, huo ni mkojo wangu.”

Nikaeleza yote, kuanzia Ijumaa. Elsie akapewa kikombe kingine. Kijiti kikawa kijani palepale. Hakukuwa na jua lolote.

Sista hakupandisha sauti. “Uliona hii Ijumaa?”

“Ndiyo.”

“Siku nne, Mwalimu.”

Mama Elsie alinitazama. Nimefokewa na watu wengi maishani mwangu, na hakuna aliyenifikisha pale yale macho yaliponifikisha. Hatimaye akaniuliza kitu kimoja tu: hospitali ya Kajiado wanaanza kupokea watu saa ngapi.

Jumatano, 11 Machi

Nimewasindikiza. Sikualikwa. Mlinzi wa hospitali akanisalimu kwa Kimaasai, “Supa,” nikamjibu “Ipa” kwa sauti ya mtu aliyehukumiwa.

Daktari akambonyeza Elsie kwenye mguu, shimo likabaki. Akapima damu, akapima mkojo tena. Akaeleza polepole, akimtazama mama: figo ni kama chujio, na chujio la Elsie linaachilia protini ipite, ndiyo maana anafura. Akasema watoto wengi wa namna hii hupata nafuu kwa dawa. Atalazwa siku chache. Chumvi ipunguzwe. Atafuatiliwa kwa muda mrefu, maana inaweza kurudi.

“Mmefanya vizuri kuja sasa,” akasema. “Wengine huja wakiwa wamefura mpaka tumbo.”

Mama Elsie akashusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu jana. Mimi nikatoka nje nikasimama karibu na bomba, nikanawa uso. Mara mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Siku ya Figo. Madam Florence ameniondoa kwenye safari, na barua ya onyo ninayo mfukoni. Waceke ndiye amewaleta watoto wa madarasa yote mawili huku Kajiado. Nami nimeketi wodini, nikimsomea Elsie hadithi ya fisi. Anasema sauti yangu ya fisi ni mbaya.

Mchana Waceke akaja wodini na Ndanu. Kumbe Ndanu aliachana na shairi aliloandaliwa! Alisimama mbele ya wakubwa wote akaeleza habari ya makomeo. Kwamba msichana akiwa na mlango unaofungika, atakunywa maji. Basi. Mmoja wa wakubwa akauliza ni shule ngapi za kaunti zina vyoo kama vile. Hakuna aliyejua. Wameamua vikaguliwe vyote.

Nikamuuliza Waceke kama Ndanu alitaja aliyeyafunga. Akasema ndiyo. Alitaja pia aliyefungiwa.

Jumanne, 31 Machi

Elsie alirudi shuleni jana! Uso wake umepungua mpaka nikamwona kama mtoto mgeni. Kijiti ni njano sasa. Dawa anaendelea nazo, na mamake anampikia bila chumvi. Gathoni alimleta mwenyewe hadi mlango wa darasa. Akanipa fungu la mchicha, akasema hajanisamehe, lakini nile.

Naibu mwalimu mkuu ni Waceke. Anastahili. Nimeandika hivyo na sitarudia.

Sukari yangu nayo inashughulikiwa. Zahanati imenikataza soda. Nimeacha nyeusi kabisa. Hii ya machungwa ni tunda.

Na sasa jambo kubwa. Kesho kutwa, kabla ya kufunga shule, Sista Nzembi anakuja kupima macho! Madam Florence amesema darasa litakalofanya vizuri litatajwa mbele ya wazazi. Ubao wa herufi umeshaletwa, umetundikwa katika chumba cha walimu. Nimeunakili wote wakati wa chai, hadi mstari wa chini ule wa herufi ndogo ndogo. Kisha nikautungia wimbo.

Tumeimba asubuhi yote. Wameushika haraka ajabu. Hata Joram wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari hunakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni, ameziimba herufi zote bila kosa hata moja, huku ameelekea ukuta. Nimempa nafasi ya kwanza kwenye foleni.