Mkuu wa Kodi na Posa Isiyo na Mshenga

Segera Njia Panda,
Wilaya ya Handeni,
Tanga.

Kwa Mkuu wa Kodi.
(Barua itapitia kwanza kwa Yusra, na jina la nchi yako ataliandika mwenyewe juu ya bahasha. Mimi huwa naliandika vibaya.)

Ndugu Mkuu wa Kodi,

YAH: KUMPOSA BINTI YETU KINYUME CHA UTARATIBU

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, naisubiri yako.

Mimi ni Chausiku, mjane, muuza machungwa hapa Segera, na ni mama mkubwa wa Yusra, niliyemlea tangu anatambaa. Yusra ni yule binti aliyehamia kwenu mwaka jana, anayewatunza wazee wenu katika ile nyumba yao. Juzi juzi alijaza fomu yenu ya kodi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ukoo wetu hauna amani. Naandika kwa heshima zote, ila tafadhali tafuta mtu mwingine akutafsirie, maana Yusra ana huruma na atapunguza makali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulianza na maswali. Siku anajaza fomu hiyo Yusra alinipigia kwa video ili nimkumbushe mambo, kwa hiyo niliyasikia yote. Umeolewa au hujaolewa? Unaishi na mtu? Wangapi wanakutegemea? Uliingia nchini kwetu tarehe gani, na kabla ya hapo ulikuwa unapata kiasi gani? Umeacha mali gani kwenu? Mtoto akaniuliza kama wale kuku aliowaacha ni mali, nikamwambia aandike hapana, kwa kuwa nilishawala. Ndugu yangu, huku kwetu mwanamume akimwuliza binti hata nusu ya maswali hayo, majirani wanaanza kuazimana viti. Wewe uliuliza yote, wala hukutuma mshenga.

2. Kisha ukaleta fedha. Kwetu barua ya posa husindikizwa na fedha iliyofungwa kwenye leso, tunaiita kishika uchumba. Wewe ulileta barua, fedha ikafuata, na Yusra kwa mapenzi yake akaituma yote kwa mjomba wake, kaka yangu Mbwana wa Handeni, na ujumbe kwamba serikali imemrudishia kodi, tugawane. Sasa Mbwana ndiye mpokea posa wa ukoo. Aliusoma ujumbe mara mbili, akavaa kanzu, akaja kwangu. Mimi nimelipa ushuru wa machungwa hapa njia panda tangu Yusra hajazaliwa, na haijatokea hata shilingi moja ikakumbuka njia ya kurudi. Tulikaa kikao tukakubaliana kuwa serikali haiwezi kumrudishia fedha binti wa watu hivi hivi, lazima ndani yake kuna mtu anampenda.

3. Hata hicho kishika uchumba chenyewe hakina adabu. Hakikuwa kamili, kiliishia na senti. Mtu mzima unaposaje na senti? Leso nayo hatukuiona.

4. Mbwana akanunua beberu kwa fedha hiyo, akaja kumfunga kwangu. Hapo ndipo ulipotumaliza, kwa maana kishika uchumba kikishatumika, binti kachumbiwa. Beberu mwenyewe ameshakula kanga yangu moja, lakini hilo namlalamikia Mbwana, si wewe.

5. Sasa nafika kwenye lenyewe. Yusra ana mtu wake. Ni Rehani, fundi pikipiki wa Korogwe, na wanapendana tangu hajapanda ndege. Mshenga wake, Mzee Ramadhan, alishaleta posa na alikuwa anakuja kuchukua jibu. Akamkuta Mbwana stendi, anajisifu kwa makondakta kuwa ukoo wetu sasa unaoza binti serikalini. Mzee wa watu hakufika hata mlangoni kwangu. Alinunua maji, akapanda gari la kurudi Korogwe, akawaambia wenzake kuwa hawana ubavu wa kugombea binti na mtu mwenye mhuri. Tangu siku hiyo Rehani anakaza nati ileile kutwa nzima, na Yusra akinipigia ni kulia tu. Nimeumia, Ndugu Mkuu. Mtoto huyu alipoondoka aliniachia ahadi moja, kwamba atarudi kuolewa hapa hapa, nimpambe kwa mikono yangu.

6. Nilimtuma Yusra aulize wewe ni nani, mtoto wa nani, na unaswali wapi. Akanijibu kuwa wewe si mtu mmoja, ni ofisi, wamo watu maelfu, na kazi nyingi inafanywa na mashine. Dini yetu inamruhusu mwanamume mmoja wake hadi wanne. Ya mke mmoja na ofisi nzima sijayasikia, na shehe wetu nilipomwuliza aliomba kwanza maji ya kunywa.

Kwa hiyo chagua moja kati ya haya mawili. Ama umwandikie Mzee Ramadhan, Korogwe, barua ya kujitoa, yenye mhuri, ukieleza kuwa ulikuwa unauliza tu. Ama ulete wazee wako wasiopungua watatu, washuke hapa Segera, waulize kwa mama Chausiku wa machungwa. Mashine ibaki nyumbani. Hilo la pili ndilo analolitaka Mbwana, ambaye ameshaanza kutaja ng'ombe. Mimi nataka la kwanza.

Nisalimie mama yako, wake zako kama wapo, na wote waliomo ofisini. Mbwana anakusalimu sana, kuliko inavyostahili. Beberu hajambo.

Ni mimi ninayelinda mlango wa Yusra,
Chausiku Mdoe

N.B. Nilikuwa sijabandika stempu, Yusra akapiga. Ameeleza taratibu mpaka nimeelewa. Mwaka wake wa kwanza huko alianza kazi katikati, ninyi mkawa mnamkata kama mtu wa mwaka mzima, baadaye mkahesabu mkaona mmezidisha, mkamrudishia. Kumbe fedha ni zake mwenyewe na hakuna aliyeposa. Mzee Ramadhan tumemwita tena, amekuja, amepewa jibu lake, na beberu ameliwa kwenye shughuli hiyo. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta.

Lakini barua siichani. Tangu marehemu mume wangu Mustapha atangulie, hakuna mtu aliyeniuliza kama nimeolewa, naishi na nani, wala nategemewa na wangapi. Watu huniuliza bei ya machungwa tu. Basi nimejaza na ya kwangu. Jina: Chausiku. Hali ya ndoa: mjane. Naishi na: redio. Wanaonitegemea: watatu, ukimhesabu Mbwana. Kipato: machungwa, msimu ukiwa mzuri. Mali nilizo nazo nje ya nchi yako: zote. Mshenga si lazima, na senti napokea.